Kwa Nini Fedha za Macho Zinanunua Mbegu za Viazi?



Katika kikao cha kupitia bajeti, mzee mmoja wa usharika alinyoosha mkono na kutuuliza swali ambalo hatukuwa tumejiandaa kulijibu. Alishika karatasi ya matumizi ya mradi, na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari mmoja tu: ununuzi wa mbegu za viazi lishe. "Sisi tulichangia macho," alisema. "Hivi viazi vimeingiaje humu?" Wajumbe walicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Haukupita muda, swali hilohilo likatufikia kwa barua kutoka kwa rafiki mmoja anayetufadhili, kwa maneno ya upole zaidi.

Siku ile tulijibu kwa kifupi kwamba viazi vile vina vitamini A, na vitamini A ni nzuri kwa macho. Jibu hilo ni la kweli ila halitoshi. Kila mmoja wetu amelisikia kliniki tangu utotoni, na kwa sababu tumelizoea hatuulizi tena maana yake. Kwa hiyo tunapenda kutumia nafasi ya toleo hili kueleza jambo ambalo halionekani kwa macho: jinsi seli za jicho zinavyokula, zinavyopumua na kujitengenezea nguvu, na kwa nini jambo hilo ndilo linaloamua kama kidonda cha jicho kitapona au kitaacha upofu.

Kioo kisicho na damu

Sehemu ya mbele kabisa ya jicho, ile inayong'aa kama kioo cha saa juu ya duara jeusi, huitwa konea. Upana wake kwa mtu mzima ni milimita 11 hadi 12, na unene wake katikati unazidi nusu milimita kidogo tu. Mwanga wote hupita hapo kwanza. Konea ikiharibika, hata kama sehemu nyingine zote za jicho ni nzima, mtu haoni, kama dereva ambaye kioo cha mbele cha gari lake kimepakwa tope.

Ili mwanga upite bila kizuizi, konea haina mshipa wa damu hata mmoja. Ugumu wote unaanzia hapo. Ukijikata kidole, damu huleta kila kitu mahali pa jeraha: oksijeni, sukari, protini, vitamini na askari wa kupambana na vijidudu. Konea ni kama shamba ambalo mfereji haukufika, hivyo mahitaji yake lazima yapite njia nyingine, na njia hizo ni tatu. Oksijeni hutoka hewani, huyeyuka kwenye machozi na kuingia. Tukifumba macho usiku, hutoka kwenye mishipa midogo iliyo upande wa ndani wa kope, na huwa pungufu kuliko mchana. Sukari, yaani glukosi, hutoka nyuma: majimaji yaliyo ndani ya jicho huifikisha kwenye konea, nayo hupenya unene wote mpaka kuzifikia seli za juu. Vitamini A huletwa zaidi na machozi kutoka kwenye tezi yake. Tunaomba msomaji azikumbuke njia hizi tatu, yaani hewa, maji ya ndani na machozi, maana makosa mengi tutakayoyaeleza hapa chini ni ya kufunga mojawapo.

Juu ya konea kuna ngozi laini yenye tabaka 5 hadi 7 za seli. Unene wake ni kama sehemu moja ya ishirini ya milimita. Kila tunapopepesa macho, seli chache zilizochakaa huondoka na machozi, na nyingine hupanda kutoka chini kuchukua nafasi zao. Kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi, ngozi yote huwa imebadilishwa. Ngozi ya jicho unayosomea makala hii siyo ile uliyokuwa nayo mwezi uliopita.

Chimbuko la seli hizo mpya liko pembezoni, kwenye mstari ambapo weupe wa jicho unakutana na konea. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walitoa ushahidi kwamba hapo ndipo zinapokaa seli shina, yaani seli zinazozaa nyingine maisha yote ya mtu. Pafikirie kama kitalu cha miche. Kitalu kikiwa hai, shamba hupandwa upya daima. Kitalu kikiungua, kwa mfano kwa chokaa au maji ya betri, ngozi ya weupe wa jicho pamoja na mishipa yake ya damu huivamia konea na kuifunika.

Chini ya ngozi hiyo kuna nyama imara ya konea, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya unene wake. Nyama hii ikijeruhiwa huponea kwa kovu jeupe, ambalo wazee huliita chamba. Nyuma kabisa kuna safu moja ya seli zinazosukuma maji nje ili konea isivimbe. Hizo kwa mtu mzima haziongezeki, zikifa zimekufa. Zinastahili makala yake, nasi tutaziacha hapo.

Jiko la seli

Kila seli ina jiko lake, na kuni zake ni glukosi. Kuna namna mbili za kuchoma kuni hizo. Namna ya kwanza haihitaji oksijeni. Ni ya haraka, lakini chembe moja ya glukosi hutoa vipimo 2 tu vya nguvu. Namna ya pili inahitaji oksijeni, nayo hukamilika ndani ya vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Hapo chembe ileile hutoa vipimo karibu 30.

Mtu angetegemea kwamba seli za konea, zenye hewa tele mbele yake, zingetumia namna ya pili wakati wote. Sivyo. Sehemu kubwa ya glukosi ya ngozi ya konea huchomwa kwa namna ya kwanza hata hewa ikiwepo, na mabaki yake, asidi laktiki, hurudi nyuma kwenye maji ya ndani ya jicho. Tulipolisoma jambo hili mara ya kwanza tuliliona kama ufujaji, kama kupikia mafiga matatu nje kwenye upepo. Lakini seli inayojiandaa kuzaa nyingine haihitaji moto tu, inahitaji na vifaa vya ujenzi. Sehemu ya glukosi haichomwi kuwa nguvu, bali hupitishwa njia ya pembeni kutengeneza malighafi ya vinasaba vya seli mpya, pamoja na kinga dhidi ya madhara ya mwanga na oksijeni yenyewe. Ni mti uleule: matawi ni kuni, shina ni boriti.

Tena seli hizi zina ghala. Wakati wa amani hujiwekea sukari ya akiba inayoitwa glaikojeni. Wakulima wanaelewa hili kuliko sisi wa ofisini: akiba huwekwa kwa ajili ya siku ambayo hakuna anayeijua.

Siku hiyo ikifika

Kwa watu wetu siku hiyo mara nyingi ni msimu wa palizi au wa mavuno. Jani la mahindi linachapa jicho, mwiba unakwaruza, au punje ya mpunga inaruka wakati wa kupura. Kipande cha ngozi ya konea kinachunika. Maumivu ni makali mno kwa sababu konea ina mishipa ya fahamu mingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili.

Saa za mwanzo, seli zilizo kandokando ya jeraha hufanya jambo ambalo hatungelitegemea: zinaacha kuzaana. Badala yake zinajinyoosha na kuwa bapa, zinatoa kama vidole mbele, na kuteleza kuelekea katikati ili kuziba pengo. Kutambaa huku hula nguvu nyingi, na ndipo ghala linapofunguliwa. Vipimo vya maabara vimeonyesha glaikojeni ikipungua sana katika seli zinazosafiri. Kwa wanyama wa maabara mwendo huo umepimwa kuwa kama milimita moja na nusu kwa siku. Ni kidogo, lakini konea yenyewe ni ndogo. Pengo likishazibwa kwa safu moja, ndipo seli za nyuma zinapozaana kwa wingi na kuujaza unene uliopotea, huku kitalu cha pembezoni kikileta miche mipya.

Kwa mtu mwenye afya, mchubuko mdogo hufungwa kwa siku moja hadi tatu. Maumivu huisha na mkulima hurudi shambani. Hapa tunapenda kuweka tahadhari. Kufungwa kwa kidonda siyo kushikamana kwake. Ngozi mpya inahitaji wiki kadhaa kutia mizizi kwenye nyama iliyo chini yake, na kazi hiyo nayo inahitaji protini na nguvu. Ndiyo maana wengine hurudi zahanati baada ya mwezi wakisema, "Nilipofumbua jicho alfajiri nilisikia kama kisu." Kope iliyokauka usiku imeing'oa ngozi iliyokuwa haijashika.

Katika hayo yote, msomaji ataona kwamba dawa bado haijatajwa. Seli ndizo zinazojenga. Kazi ya dawa ni kulinda eneo la ujenzi ili vijidudu visiingie kabla ukuta haujafungwa. Mfano mzuri tunaoufahamu unatoka Nepal, katika wilaya ya Bhaktapur. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001. Wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutambua mchubuko wa konea na kuweka mafuta ya kloramfenikoli mara tatu kwa siku kwa siku tatu. Kati ya watu 442 waliotibiwa, 424 walipona bila maambukizi yoyote, na miongoni mwa wale walioanza dawa ndani ya saa 18 tangu kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda kilichooza. Hakukuwa na mashine wala daktari bingwa kijijini. Kulikuwa na mhudumu aliyefundishwa, tyubu ndogo ya dawa, na seli zilizopewa nafasi ya kufanya kazi yake. Wanakamati waliouliza kwa nini tunalipia mafunzo ya wahudumu wa ngazi ya jamii wanaweza kuanzia hapo.

Wenye nia njema wanaofunga njia

Kijana mmoja fundi wa kuchomelea vyuma, katika mji mdogo ulio ndani ya eneo letu, alifanya kazi siku nzima bila miwani ya kukinga. Usiku macho yakawaka kama yametiwa pilipili. Kesho yake, kwenye duka la dawa, alipewa kichupa cha matone ya ganzi, yale ambayo mganga wa macho huyatumia mara moja tu anapotaka kupima jicho. Tone moja, maumivu yakaisha. Akakaa na kile kichupa, na kila maumivu yaliporudi aliweka tone jingine. Tulipomwona, siku zaidi ya kumi zilikuwa zimepita. Konea zote mbili zilikuwa na vidonda vipana. Jicho moja lilibaki na chamba.

Ganzi ile haikumletea vijidudu. Ilikwenda moja kwa moja kwenye jiko la seli. Matone ya ganzi yakirudiwarudiwa hupunguza matumizi ya oksijeni ya seli za konea na kuzizuia zisitambae. Mishipa ya fahamu nayo ikinyamazishwa, mtu hapepesi macho sawasawa wala hatoi machozi ya kutosha. Jeraha ambalo lingefungwa lenyewe kwa siku mbili likakaa wazi kama nyumba isiyo na mlango. Tunarudia kila tunapopata nafasi: matone ya ganzi hayachukuliwi nyumbani.

Matone yenye steroidi ni ndugu yake. Hutuliza wekundu haraka na mgonjwa husifu dawa, kumbe yanachelewesha ujenzi na kuwapa nguvu fangasi na virusi vya malengelenge ya jicho. Yana kazi yake, lakini mikononi mwa mtaalamu aliyepima jicho. Dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni, iwe ni utomvu wa majani, mkojo au maziwa, hukiongezea kidonda sumu au vijidudu. Hatusemi hivi kuwadharau bibi zetu. Walikuwa wakijaribu kusaidia pale ambapo zahanati ilikuwa mbali, na sehemu nyingine bado iko mbali.

Hata bandeji ina maneno yake. Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba jicho lililochubuka lazima lifungwe. Tafiti zilizolinganisha waliofungwa na wasiofungwa, kwa michubuko midogo ya kawaida, hazikuona kwamba kufunga kunaharakisha kupona. Ukikumbuka kwamba oksijeni ya konea inatoka hewani, hutashangaa. Lakini jicho lililotobolewa ni habari nyingine kabisa. Hilo lisibonyezwe, lisiwekewe dawa yoyote, likingwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Vitamini A ni msimamizi

Sasa turudi kwenye karatasi ya yule mzee. Vitamini A siyo kuni. Haichomwi kwenye jiko. Kazi yake katika konea inafanana zaidi na ya msimamizi wa ujenzi mwenye ramani mkononi. Ikifika ndani ya seli hugeuzwa kuwa asidi inayoingia kwenye kiini na kuamuru ni vinasaba vipi vifanye kazi. Kwa amri yake, seli za uso wa jicho hubaki laini na zenye unyevu, na seli nyingine hutengeneza ute unaoyafanya machozi yatandae. Msimamizi akikosekana, seli haziachi kuzaana. Zinazaana, lakini zinajenga kitu kingine: uso mkavu, mgumu, unaofanana na ngozi ya mkono.

Dalili huja kwa hatua. Kwanza mtoto hujikwaa jioni, kwa sababu retina nayo inahitaji vitamini hii ili kuona kwenye mwanga hafifu. Kisha weupe wa jicho hupoteza mng'ao, na pengine hutokea madoa kama povu la sabuni lililokauka. Kisha konea yenyewe hukauka. Mwisho hulainika na kuyeyuka, na hatua hii ya mwisho inaweza kumaliza jicho kwa siku chache tu. Mama aliyeona mtoto ana jicho jekundu Ijumaa anaweza kufika hospitali Jumatatu akiwa amechelewa.

Kinachosukuma watoto wengi kwenye ukingo huo ni surua. Mtoto mwenye surua hana hamu ya kula, anaharisha, homa inakula akiba yake, na virusi vyenyewe vinachubua ngozi ya konea. Yaani mahitaji ya ujenzi yanapanda siku ileile ghala linapokwisha. Nchi yetu ina nafasi yake katika historia ya jambo hili. Mwaka 1987 ulichapishwa utafiti wa watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya konea. Asilimia 37 ya vidonda ilihusiana na surua ya karibuni, na upungufu wa vitamini A, malengelenge ya jicho na dawa za kienyeji vilikuwa miongoni mwa visababishi vikubwa. Mwaka huohuo yalitoka matokeo kutoka hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa makundi mawili. Kati ya 88 waliopewa vitamini A walikufa 6. Kati ya 92 ambao hawakupewa walikufa 12, na tofauti ilionekana zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Seli za mapafu na utumbo zinahitaji msimamizi yuleyule, na jicho ni dirisha tu la kuonea hali ya mwili mzima.

Leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba kila mtoto mwenye surua apewe vitamini A siku mbili mfululizo, hata kama macho yake yanaonekana mazima, na dozi ya tatu baada ya wiki chache ikiwa macho yana dalili. Chanjo ya surua na rubela, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2014, ndiyo kinga ya mbele zaidi. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka, kwa sababu ini la mtoto huweza kutunza dozi moja kwa miezi michache tu. Wanawake wajawazito wasipewe dozi hizo kubwa. Wao wanahitaji chakula.

Kisukari na ukoma

Tusije tukadhani kwamba haya ni ya watoto pekee. Wagonjwa wa kisukari wanaongezeka katika sharika zetu, na kwao kuna kitendawili: kuni zimejaa hadi mlangoni, lakini jiko linatoa moshi. Sukari iliyozidi kwa miaka hujibandika kwenye protini, hudhoofisha sakafu ambayo ngozi ya konea inapaswa kutia mizizi, na huharibu mishipa ya fahamu. Kwa hiyo mchubuko wa mgonjwa wa kisukari hufungwa polepole na hung'oka kwa urahisi. Akifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho lazima afuatiliwe kwa karibu zaidi.

Mishipa ya fahamu inahusikaje na kupona? Wazee waliohudumia wagonjwa wa ukoma zamani waliliona hili kabla ya kulisoma: jicho lisilosikia maumivu huoza kimyakimya. Sababu moja ni kwamba mgonjwa hajui ameumia. Sababu nyingine ni kwamba mishipa hiyo humwagia seli za konea viini vinavyozichochea zikue. Kimojawapo kimetengenezwa kuwa dawa ya matone, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Bei yake haituhusu kwa sasa.

Marafiki wengine hutuuliza kuhusu seli shina walizosoma magazetini. Ni kweli. Mwaka 1997 madaktari wa Italia walitangaza kwamba wameotesha maabara seli za kitalu cha konea kutoka kwenye jicho zima la mgonjwa na kuzipandikiza kwenye jicho lake lililoungua, na mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliidhinisha tiba ya aina hiyo. Lakini hata pandikizo la thamani kiasi gani likiwekwa kwenye uso mkavu usio na machozi halishiki. Na kwa upande wa nyuma ya jicho, kwenye retina, binadamu hana kitalu kama hicho. Kuna samaki wadogo wa maabara wanaoweza kuotesha retina upya, nasi hatuwezi. Ndiyo maana aliyepoteza uoni kwa presha ya macho hatudanganyi kwamba utarudi.

Basi, viazi

Viazi vitamu vyeupe tulivyozoea havina vitamini A ya maana. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vina karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mradi chakula kiwe na mafuta kidogo. Waliofanya kazi ya kuvikuza na kuvisambaza Afrika, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Matembele, mchicha, maembe na papai vinasaidia pia, na mayai, maini na dagaa wanaoliwa wazima vinaleta vitamini ikiwa tayari pamoja na protini inayoibeba kwenye damu. Tulichagua viazi kwa sababu vinastahimili, mtoto anavipenda, na mama akishakuwa na marando yake hahitaji kurudi kwetu.

Hilo la mwisho tumelikosea mara moja, na ni haki mlijue. Marando tuliyogawa msimu uliopita katika sharika za ukanda wa chini yalikauka karibu yote, kwa sababu tuliyapeleka mvua zikiwa zinaisha, na hatukuwa tumewaandaa watu kuyatunza kando ya visima wakati wa kiangazi. Fedha ile imepotea. Safari hii hatutagawa kwa kaya moja moja. Kila usharika utachagua eneo lenye maji la kitalu, na mama wawili watakaofundishwa kukitunza, kabla gari halijatoka hapa.

Kamati ambazo bado hazijatuletea majina ya mama hao tunaomba ziyafikishe ofisini kabla ya mvua za kwanza, pamoja na orodha ya watoto waliougua surua katika miezi sita iliyopita. Mganga wetu wa macho atawapitia watoto hao kwanza. Yule mzee ameshatuandikia. Eneo la usharika wake liko nyuma ya nyumba ya mwinjilisti, hatua chache kutoka bombani.